Kuku Namba Nne wa Msamala

Vijana wangu wa kitengo, mmeniomba niwaandikie namna tulivyofanya kazi kabla ninyi hamjaja. Mwongozo wa kutega mbu mnao, tena wenye picha za rangi, sioni haja ya kuurudia. Nitaandika yale ambayo aliyetunga mwongozo hakuyaona, kwa sababu sidhani kama aliwahi kunywa hata chai Songea. Mkiona narukaruka mnivumilie. Tangu nistaafu hakuna anayeniuliza nimefika wapi na ripoti, na raha hiyo imeniingia mpaka kwenye kalamu.

Nilifika hapa nikiwa binti mwembamba kutoka Iringa, na sanduku la bati lililojaa vitabu ambavyo sikuvifungua tena. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala la dawa. Kulikuwa na meza mbili, friji moja, na hadubini iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya bibi harusi. Aliyenipokea ni Mzee Nyoni, fundi wa wadudu, mtu mfupi, mkavu, mwenye sauti ya chini. Nikamwamkia, "Shikamoo." Akaitikia marahaba, akanitazama toka kichwani mpaka kwenye viatu, akauliza, "Mhehe?"

Nikasema ndiyo.

"Haya. Leo tutafunga mbwa wetu mapema."

Msiojua mila za huku mtadhani nilitukanwa. Wangoni na Wahehe ni watani tangu mababu zetu walipochoka kupigana, na Mngoni akikuchokoza kwamba Wahehe mnakula mbwa ujue umekaribishwa. Nikamjibu kwamba babu zao walitembea kutoka kusini ya mbali mpaka miguu ikagoma hapa, ndiyo maana kila Mngoni ukimwona anatafuta kiti. Mzee Nyoni akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akanisogezea kiti, akasema kwa upole, "Usiogope, binti. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Ukizoea, kamba itakatika yenyewe."

Kifaa cha kwanza alichonipa ni mrija wa kunyonyea mbu. Ninyi leo mna vya betri. Wetu ulikuwa wa kioo, una mpira mrefu unaoishia mdomoni, na katikati kuna kipande cha wavu. Unamkaribia mbu aliyetulia ukutani, unavuta pumzi, mbu anaingia kwenye kioo. Wavu ukichanika anaingia kwako. Juma la kwanza nikammeza mmoja, nikakohoa hadi machozi. Mzee Nyoni akangoja nimalize, akauliza, "Alikuwa wa aina gani?"

"Sijui, mzee. Nimeshammeza."

"Basi kazi bado hujaijua."

Akanifundisha kumtambua mbu kabla sijavuta pumzi. Anofelesi, mwenye malaria, akitua huinua mkia kama anataka kusimama kichwa chini. Kuleksi hulala sambamba na ukuta kama mtu aliyelipia kitanda. Aedesi ana miguu ya madoadoa meupe na hana adabu, anakuuma mchana kweupe. Mpaka leo nikiingia nyumba ya mtu macho yangu huenda kwanza kwenye kuta, na wenyeji wengi wamedhani ninakagua rangi.

Mitego ya taa nayo ilikuwa na vituko vyake. Balbu ndogo, feni ndogo, kikapu cha wavu, na betri nzito ya kukupinda mgongo. Tuliitundika jua likielekea kuzama, tukaifuata alfajiri. Wenye nyumba walikuwa watu wema, ila betri ni betri, na siku za mpira iliondoka kwenye mtego ikaenda kuwasha televisheni. Mbu wa siku za fainali hatukuwahi kuwahesabu. Mzee Nyoni hakuwahi kumgombeza mtu kwa hilo. Alikaa, akauliza matokeo ya mchezo, akanywa togwa aliyopewa, kisha akaomba betri yake. Njiani aliniambia mtego unatundikwa kwenye dari ya mtu, na huyo mtu asipokupenda, dari nayo haikupendi. Nilidhani ni maneno ya uzee.

Ndipo ikaja kazi ya ndege. Kulikuwa na homa mitaani ambazo ukipima malaria huoni kitu. Tukaelezwa kwamba kuna virusi ambavyo makao yake ni ndege wa porini. Mbu anamuuma ndege, kesho anamuuma mtu, na mtu huyo anaanguka kwa homa ambayo dawa ya malaria haiigusi. Kwa hiyo pamoja na mbu, tukaanza kuwatazama ndege. Tulitandaza nyavu nyembamba pembeni ya mpunga tukawanasa akina mnana na yangeyange, tukawatoa tone la damu, tukawaachia. Mnana ana mdomo mdogo lakini hasahau kuutumia. Makovu ya vidole vyangu ni yake.

Ila ndege wa porini leo yuko hapa, kesho yuko Namtumbo, na hakuna anayejua aliumwa wapi. Tulihitaji ndege asiyesafiri. Ndiyo tukapata kuku walinzi. Unaweka kuku wachache bandani mahali penye mbu, unawatoa damu kwenye mshipa wa bawa, unaipeleka maabara. Kuku mwenyewe haugui, lakini akiumwa na mbu mwenye virusi damu yake inabaki na alama. Mwezi uliopita alikuwa safi, mwezi huu ana alama, basi unajua virusi vimepita hapo, pengine kabla mtoto wa kwanza hajaanza kutetemeka. Kazi yake kuku ni kukaa na kuumwa. Nimewajua watumishi waliofanya pungufu ya hapo.

Banda la Msamala, mtaa wa hapa Songea, tuliliweka kwa Mama Batilda. Alikuwa mjane wa umri wangu, mwenye nyumba ya tofali za kuchoma juu ya bonde. Chini yake kulikuwa na madimba, zile bustani za kiangazi ambako alilima mchicha na kabichi za kuuza, na baada ya madimba kulikuwa na mashimo waliyochimba wafyatua tofali na kuyaacha. Mashimo hayo yalijaa maji, na maji yalijaa viluwiluwi. Kwa mbu, Msamala ilikuwa peponi. Mama Batilda alikuwa na binti mmoja, huyo Batilda, fundi cherehani kule Mfaranyaki, na hakuna jambo alilozungumza bila binti huyo kuingia katikati.

Masharti yalikuwa mepesi. Kuku ni mali ya ofisi, hachinjwi, hauzwi, hatolewi nje. Mayai ni ya mtunzaji. Kila kuku ana pete ya bati mguuni yenye namba. Banda likae mbele ya nyumba, juu ya nguzo, likitazama bondeni ambako mbu wanatokea. Tulikaa kikao kizima kupanga hayo, Wangoni, Wamatengo, Wayao na Mhehe mmoja, watu wote tuliolelewa kwa kutumwa kumkimbiza kuku mara tu mgeni anapoonekana njiani. Hakuna hata mmoja aliyeinua mkono akauliza, mgeni akija je? Tukanywa soda tukaondoka.

Mwaka ule kideri kikapita mitaani kikafagia. Kuku wa kienyeji waliisha kuanzia Msamala hadi kwingine, isipokuwa wa ofisi, kwa sababu tulikuwa tumewachanja kwa tone la jicho. Wakabaki peke yao barazani kwa Mama Batilda, wanono, wameinua vifua. Majirani wakaanza kuwatazama kwa jicho jingine. Kuku hawafi, hawaliwi, wanavaa pete, na kila mara anakuja mwanamke wa Kihehe na sindano. Mama Batilda aliniambia habari hizo huku akicheka, ila kicheko chake kilikuwa kifupi.

Wakati huo huo yakaja majibu kutoka maabara. Kuku namba nne, tetea mwekundu mwenye shingo wazi, damu yake ilikuwa na alama. Wenzake wote safi. Kuku mmoja, kipimo kimoja, hakitoshi. Maabara ilitaka damu ya pili ya kuku huyo huyo, itolewe baada ya muda kidogo, ili ijulikane kama alama ni ya kweli. Na wakubwa walisema wazi kwamba bila damu ya pili hawatoi vibarua wa kufukia mashimo wala dawa ya viluwiluwi. Zuhura, mtoto wa jirani aliyezoea kuja kuwachungulia kuku hao, alikuwa amelazwa kwa homa ambayo madaktari hawakuipatia jina.

Nikaenda kwa Mama Batilda, nikamwonyesha namba nne. "Huyu, dada, mtunze kama mboni ya jicho. Akifa huyu tumerudi mwanzo."

Akaniuliza, "Hata wakwe wakija?"

Nikadhani ananitania. "Hata wakwe."

Wakaja kweli. Batilda alikuwa ameposwa na Deogratias, kijana wa Hanga, na siku hiyo baba yake mkubwa, Mzee Ngonyani, mkulima wa tumbaku na mahindi, alifika na mabinamu kupanga tarehe ya ndoa. Yaliyotokea nilisimuliwa na Mama Batilda mwenyewe. Alikuwa ametafuta kuku wa kienyeji soko zima asipate, akanunua wa kisasa, wa wiki sita, kule Mfaranyaki, akampika kwa mikono yake yote miwili. Wageni wakakaa barazani. Mbele yao chakula, na mbele ya chakula, banda. Kuku wa kienyeji wanawatazama, nao wanawatazama kuku.

Mzee Ngonyani alikula ugali na mchicha. Nyama hakuigusa. Akauliza kwa adabu, "Mama, wale kuku ni wa nani?"

"Wa serikali, baba."

"Serikali inafugia kwako?"

"Wanatolewa damu, baba. Kwa ajili ya mbu."

Mkiangalia mtaona kwamba jibu hilo, ingawa ni la kweli, halikusaidia. Mzee akauliza damu inakwenda wapi. Mama Batilda akasema inasafirishwa kwa basi. Mzee akaomba maji ya kunawa, na alipokwisha kunawa akasema, "Tumeelewa. Wapo wageni wanaongojewa, wakubwa kuliko sisi." Wakaaga. Baada ya siku chache mshenga akaleta neno kwamba binti apumzike kwao kwanza, upande wa Hanga bado wanatafakari.

Mama Batilda alikuja ofisini asubuhi, akasimama mlangoni na kanga yake ya kutokea. Nilitamani anipigie kelele. Hakupiga. Aliniambia kwamba siku ile aliingia bandani na kisu. Alimshika namba nne, akambana mabawa, kisha akaona ule mlango wa jirani umefungwa kwa sababu Zuhura na mama yake wako hospitali. Akamrudisha kuku chini. Tangu mshenga aje, Batilda haendi Mfaranyaki, analala ameelekea ukutani.

"Nimekutunzia kuku wako, dada," akasema. "Na wewe nitunzie mwanangu."

Akaondoka. Nimefanya kazi na watu wengi, wenye vyeti vya kila namna, na sijawahi kupewa kazi nzito kama ile.

Nikamfuata Mzee Nyoni, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu, anapalilia kahawa chache nyuma ya nyumba yake. Nikamwambia nimefikiria kwenda Hanga na barua ya ofisi yenye muhuri, ieleze umuhimu wa utafiti. Akaendelea kupalilia. Akasema, "Muhuri utamthibitishia kwamba kweli kuna wakubwa kuliko yeye. Usiende kama ofisi. Nenda kama Mhehe."

Dereva wetu alikuwa Saidi, Myao wa Tunduru, mtaratibu, mwenye kusema bismillahi hata kabla ya kufungua boneti. Nilipomweleza safari ni ya nini alirudisha funguo mfukoni. "Yaani dada, tunakwenda kuomba radhi kwa ajili ya kuku?"

"Kwa ajili ya ndoa."

"Inshallah," akasema, akawasha gari.

Tulimkuta Mzee Ngonyani kwenye bani lake, banda la kukaushia tumbaku, anafunga majani kwenye fito pamoja na wake wa ndugu zake. Aliniona, akajua, akageuka akaendelea kufunga. Hapo nikafanya alivyonishauri Mzee Nyoni. Nikavua viatu, nikakaa chini katikati ya uwanja, nikajishika kichwa, nikaanza kulia kwa sauti ya msibani.

"Jamani Mzee Ngonyani! Mngoni wa watu! Babu zake hawakufa kwa mkuki, hawakufa kwa risasi, yeye ameuawa na kuku wa wiki sita! Nani atatupa ugoro tena! Nilikuwa namdai mbwa wangu!"

Wanawake wakaacha tumbaku. Jirani mmoja akaja mbio akidhani ni msiba kweli, na alipoambiwa ni Mhehe akakaa kutazama. Mtani akilia hivyo uwanjani kwako huna ruhusa ya kukasirika, mila imekufunga mikono. Mzee Ngonyani alikaza uso kadiri alivyoweza, lakini masharubu yalimsaliti, yakaanza kuchezacheza.

"Mhehe, nani amekwambia mimi nimekufa?"

"Mtu anayesusa mkwe kwa ajili ya kitoweo, mzee, amebakiza nini? Nimekuja kuchukua koti lako kabla ndugu hawajafika."

Akacheka. Wanawake wakacheka kwa nguvu zaidi, naona walikuwa wakilingoja jambo hilo kwa siku nyingi. Akaniletea kiti, na nilipokaa nikamwamkia shikamoo kwa heshima zote, ndipo tukaanza kuzungumza.

Nikatoa sindano na kichupa, nikaomba kuku mmoja wa pale. Nikamtoa damu mbele ya watu wote, kidogo tu, isiyojaza kifuniko cha kalamu, nikamwachia. Akajikung'uta, akaenda kuparua. Nikaeleza habari za mbu na ndege kama ninavyowaeleza ninyi. Mzee akasikiliza, akauliza, "Na huyo namba nne amejua nini?"

"Ameumwa na mbu mbaya. Amesema mara moja, tunangoja aseme mara ya pili ndipo mashimo yafukiwe. Mama Batilda angemchinja, mngeshiba siku moja. Kuna mtoto wa jirani yuko hospitali. Mama aliingia bandani na kisu kwa ajili yenu, akatoka kwa ajili ya mtoto yule."

Mzee akavuta masharubu yake. Kisha akasema, kama anayelalamika, "Sasa kwa nini hakusema?"

"Alikuwa anasema, mzee. Wewe ulikuwa unanawa."

Akachinjwa kuku. Nyumba ile ni ya Wakatoliki, ila kwa heshima ya Saidi wakampa yeye kisu, akachinja kwa bismillahi, kama majirani wa huku walivyozoeana. Chakula kilipoiva, Mzee Ngonyani akafunua bakuli, akachukua firigisi, ile sehemu ya mgeni wa heshima, akamwekea Saidi. Nililia mimi, nilikaa vumbini mimi, dereva akala firigisi. Mimi nikapewa paja. Saidi alinitazama kwa huruma, lakini hakusita kutafuna.

Kabla ya kuondoka nikatumia haki ya mwisho ya mtani. Nikamkamata tetea wa mzee, mweupe, nikasema ninamteka. Mtani akichukua kitu hadaiwi. Nilidhani nimemkomoa. Mzee Ngonyani akaingia ndani, akatoka na kamba ya katani, akamfunga mguu mwenyewe.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," akasema. "Mpeleke Msamala akalinde na wenzake. Mgeni yeyote akimuuliza mkwe wangu kuhusu kuku wale, aseme yule ni wa Ngonyani wa Hanga, na kuku wa Ngonyani haliwi na mtu."

Aliposema "mkwe wangu" nilielewa kwamba nimemaliza kazi. Sikumwambia kwamba kuku wake ilibidi kwanza atengwe, achanjwe na apimwe kabla ya kuvaa pete. Mambo mengine ya kitaalamu hayana haraka.

Namba nne akatoa damu yake ya pili, na majibu yakawa yale yale. Vibarua wakaja, mashimo yakafukiwa, yaliyobaki yakawekwa dawa. Wafyatua tofali walinung'unika, nikawapa pole, nikaendelea kusimamia. Homa zilipungua. Mvua nayo ilikuwa imekatika, kwa hiyo ninyi wenye kompyuta mtajua wenyewe namna ya kugawa sifa kati yetu na jua. Zuhura alitoka hospitali amekonda, akarudi kuchungulia kuku. Nilimwona, nikajifanya ninafuta miwani.

Ndoa ilifungwa Hanga baada ya mavuno ya mahindi. Namba nne hakuwa na kazi tena ya ulinzi, maana kuku mwenye alama hawezi kukuonyesha alama mpya, hivyo ofisi ikamwachia Mama Batilda. Yeye akampeleka Hanga kama zawadi kwa wakwe. Nyama yake ikipikwa vizuri haikuwa na shida yoyote, nililieleza hilo mara kadhaa. Mzee Ngonyani akakataa kabisa kumchinja. "Ana pete," alisema. "Huyu ni mke wa mtu." Akaishi pale anataga na kuatamia hadi uzee.

Tangu mwaka ule, kila nyumba tuliyoiwekea banda tuliipa pia tetea wawili na jogoo wasio na pete, wa mwenye nyumba, kwa ajili ya wageni wake. Kwenye bajeti wanaitwa gharama za ushirikishwaji jamii. Kila mwaka hutokea mhasibu mpya anayetaka kuifuta mistari hiyo. Msikubali. Mkishindwa kumweleza, mchukueni mkale naye chakula barazani mwa mtu, mbele ya banda.

Sasa niwasimulie siku niliyokabidhi funguo. Mlikuwa mmeniandalia keki, nawashukuru, ilikuwa nzuri ingawa jina langu lilikosewa. Jioni yake Mama Batilda alinialika Msamala. Nimeingia nyumba ile miaka yote ya kazi yangu. Nilikwenda asubuhi, nikatoa damu za kuku, nikanywa chai kwa kiazi kitamu, nikaondoka kuwahi basi la sampuli. Chakula cha kukaa sikuwahi kula pale. Siku hiyo nilikuta mkeka mpya, na Batilda amefika kutoka Hanga na watoto wake, wa kwanza ameshanipita kimo. Saidi naye alikuwa amekaa kwenye kivuli cha nyumba, ndevu nyeupe, anaosha kisu.

Mzee Nyoni na Mzee Ngonyani hawapo tena duniani. Niliwakumbuka wote wawili nilipoona watu wanasogea kunipisha nikae katikati.

Batilda akaleta maji, nikanawa. Mama yake akaja na bakuli lililofunikwa, akaliweka mbele yangu kabla ya mtu mwingine yeyote, akafunua. Mchuzi ulikuwa mwekundu, kuku wa kienyeji, na juu yake imekaa firigisi.

Nikasema, "Dada, hii ni ya Saidi."

"Saidi alishakula ya kwake Hanga," akajibu.

Saidi akainua mikono. "Wallahi mimi simo."

Niliuliza kuku ametoka wapi, maana kazi ikishakuingia haitoki. Batilda akasema amemleta yeye, ni wa uzao wa namba nne, na kwao Hanga bado wanawaita hivyo, akina namba nne. Nikaangalia tena ile firigisi. Nimelelewa nikiambiwa mwanamke haigusi, ni ya baba, ni ya mgeni mkubwa. Mama yangu alipika kuku maisha yake yote na alikufa hajaionja.

Mama Batilda akapiga magoti kando yangu, akanimegea tonge la kwanza la ugali, akaniwekea mkononi.

"Nilikutunzia kuku wako," akasema. "Ukanitunzia mwanangu. Kula."

Nililia, vijana wangu, na safari hiyo haikuwa ya utani. Kisha nikaichukua firigisi, nikaila yote, Saidi anatazama, na sikumgawia hata kipande.